Spika ndogo, na miezi miwili niliyozinyima nafasi

Nianze na usiku ule maana ndio ulionifanya niandike haya yote. Nimekaa sebuleni, taa nimezima, nikaweka wimbo ambao nimeusikia tangu niko mdogo, mwanamke anaimba na gitaa moja tu nyuma yake, na kwa mara ya kwanza yule mwanamke hakuwa ndani ya spika. Alikuwa katikati, pale ambapo hapana kitu, usawa wa mtu aliyekaa kwenye kiti, na kabla ya ubeti wa pili nikamsikia anavuta pumzi. Ile pumzi sijawahi kuijua kama ipo. Niliinuka nikaenda kuweka sikio kwenye spika moja moja kuhakikisha kweli zinalia, maana kutoka pale nilipokaa ilikuwa kama zimezimwa na mtu anaimba mwenyewe chumbani.

Spika zilikuwa zilezile, amplifaya ileile, wimbo uleule. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nazitafutia mteja ziondoke nyumbani kwangu.

Nilizipata zikiwa zimetumika, ndogo, boksi lina urefu wa sentimita 30 na kitu, wufa (ile ya besi) ya sentimita 13, twita (ile ndogo ya sauti za juu) juu yake, tundu la hewa nyuma. Nikazipeleka moja kwa moja kwenye rafu ya vitabu kwa sababu si ndo zinaitwa spika za rafu, nikazisukuma hadi ndani zikagusa ukuta, moja ikawa juu zaidi ya mwenzake kwa vile mbao za rafu hazilingani, na ya kulia ikaingia kwenye kona kabisa. Besi ikawa inavuma kwa noti moja tu kila wimbo. Sauti za waimbaji zikawa mbali, zimetawanyika, huwezi kusema mtu yuko upande gani. Mimi nikalaumu spika, nikalaumu amplifaya, nikabadilisha waya, usiku nasoma maoni ya watu hadi macho yanauma, na kila nikisoma nazidi kuamini kwamba ninachohitaji ni spika kubwa zaidi.

Halafu akaja rafiki yangu mmoja, huyu kazi yake ni kurekodi watu wakiimba kwa hiyo masikio yake yana mazoea. Akasikiliza kama dakika mbili, kimya, akaniuliza, "Kaka, mbona huyu muimbaji hana pa kukaa?" Sikumuelewa. Akasema, "Zima kwanza. Hizi waya ulifunga mwenyewe?" Akazungusha spika ya kushoto akaangalia nyuma, nyekundu imeingia kwenye nyeusi na nyeusi kwenye nyekundu.

Sasa hapa naomba tusimame kidogo kwa sababu hili jambo ni dogo lakini linaua muziki kabisa. Spika mbili zinatakiwa zisukume hewa pamoja na zivute pamoja. Ukigeuza waya za moja, yenyewe inavuta wakati mwenzake anasukuma, na kwa kuwa besi ndo ina mawimbi marefu zile nguvu zinafutana, besi inapotea au inabaki vipande vipande, na sauti ambayo ingesimama katikati inakosa mahali pa kukaa, unaihisi inazunguka kichwa chako. Haiharibu spika, wala hakuna taa nyekundu itakayowaka kukwambia. Jipime hivi: weka wimbo wenye sauti ya mtu mmoja, sogeza spika mbili zikaribiane kabisa zitazamane na wewe, sikiliza, halafu zima amplifaya, geuza waya za spika moja tu, washa tena sikiliza. Ile hali yenye besi nyingi na mtu katikati ndiyo sahihi. Kama waya zako hazina alama yoyote chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha sekunde moja kwenye waya za spika (isiwe imeunganishwa na amplifaya), koni ya wufa (ule uso wake unaotetema) ikitoka nje basi chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika.

Baada ya kurekebisha waya mambo yalibadilika, ila ule uvumi wa besi ulibaki. Ndipo yeye akazitoa rafuni, akaleta stuli mbili za mbao, akazivuta spika mbele, mbali na ukuta zaidi ya nusu mita, akaondoka zake. Usiku ndio nikamsikia yule mwanamke.

Kwa hiyo mimi ninachosema, na ninakisema nikiwa nimekiishi, ni kwamba jina hili la spika za rafu limewaharibia watu wengi muziki. Linasema ukubwa wake tu, kwamba zinaenea rafuni. Halisemi kwamba rafuni ndipo zinaposikika vizuri, na nyingi hazisikiki vizuri hapo.

Sababu yake ni hii. Sauti hewani inakwenda mita kama 343 kwa sekunde, kwa hiyo noti ya Hz 50, yani inayotetema mara 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 7. Boksi la upana wa sentimita 18 haliwezi kulizuia wimbi la mita 7 liende mbele tu, linazunguka boksi linakwenda pande zote, linapiga ukuta wa nyuma linarudi kwako. Twita haiko hivo, yenyewe mawimbi yake ni mafupi na yanaelekea mbele kama tochi. Sasa spika ikiwa karibu sana na ukuta, ile besi inayorudi inajumlika na inayotoka, inaweza kuongezeka hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ukiongeza ukuta wa pembeni inaongezeka tena, ndo maana kwenye kona besi inajaa chumba hadi inakera. Ukiivuta mbele linatokea jambo lingine, kuna noti moja ambayo ikirudi kutoka ukutani inakuta mwenzake yuko kinyume chake, zinafutana. Kama uso wa spika uko mita 1 kutoka ukutani shimo linakuja karibu na Hz 86, ukiwa nusu mita linapanda hadi kama Hz 171, kwenye vifua vya wanaume wanaoimba. Maana yake hakuna sehemu isiyo na gharama, unachagua gharama ipi unaivumilia, na masikio yako ndiyo yanaamua baada ya kusogeza na kusikiliza, kusogeza na kusikiliza.

Watu wengine wanaona spika ndogo ni spika kubwa iliyokosa pesa. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Miaka ya 1970 mainjinia wa BBC kule Uingereza walikuwa na tatizo la magari ya matangazo ya nje, ndani ya gari hakuna nafasi lakini mtu anahitaji kusikia kama sauti ya mtangazaji iko sawa au ina kasoro. Wakatengeneza LS3/5A, boksi la kama lita 5 tu, urefu sentimita 30, limefungwa halina tundu, wufa na twita kutoka kampuni ya KEF. Lengo lao lilikuwa sauti ya binadamu, iwe ya kweli kiasi kwamba ukikosea mahali unasikia. Besi nzito waliiacha kwa makusudi. Karibu miaka 50 baadaye watu bado wanazitafuta na kampuni bado zinazitengeneza upya. Kitu kidogo kilichojua kinataka kufanya nini.

Na besi yenyewe ina historia. Mwanzoni ukitaka besi ya chini ulihitaji boksi kama kabati la nguo. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur akatoa spika ya AR-1, akafunga boksi kabisa hewa isitoke, ile hewa iliyofungiwa ndani ikawa ndio springi inayorudisha koni, na ghafla besi ya kweli ikatoka kwenye boksi la kubebeka. Lakini kulikuwa na malipo, ilihitaji amplifaya yenye nguvu zaidi. Mwenzake mmoja kwenye fani hiyohiyo, Hofmann, ndiye H ya kampuni ya spika ya KLH, aliliweka jambo hili vizuri sana: boksi dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa wati chache, hivi vitatu huvipati pamoja, chukua viwili. Mpaka leo sijaona spika iliyomshinda. Kwa hiyo ukisoma tangazo la spika ndogo sana inayodai vyote vitatu, jua kuna kimoja wamekificha.

Hapo ndo uchaguzi unapoanzia kwa maoni yangu, jiulize unasikiliza nini, kwa sauti gani, kwenye chumba cha ukubwa gani. Namba zinasaidia lakini ni chache tu zenye maana. Ya kwanza ni sensitiviti, ile inayoandikwa kwa desibeli, inakwambia spika inalia kwa sauti gani ukiipa umeme kiasi kilekile ukiwa umbali wa mita 1. Spika ndogo nyingi ziko kati ya 83 na 88. Tofauti ya 84 na 87 inaonekana ndogo kumbe ni mara mbili, yani ile ya 84 inahitaji wati mara 2 kulia sawa na mwenzake, na tofauti ya desibeli 10 ni wati mara 10. Angalia pia wanapima kwa volti 2.83 au kwa wati 1, kwa sababu kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi inavyozuia umeme) hizo volti 2.83 ni wati 2, kwa hiyo inajipendelea desibeli 3 za bure. Na omu 4 yenyewe siyo kila amplifaya ndogo inaimudu ikikazwa, soma kitabu chake kwanza.

Ya pili ni inashuka hadi wapi. Wakiandika Hz 45 bila kusema imepungua desibeli ngapi hapo, namba hiyo haina kazi, ikiwa imepungua 3 ni sawa, ikiwa imepungua 10 hiyo noti utaisikia kwa mbali sana. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi unalia Hz 41, na spika nyingi ndogo hazifiki hapo kwa nguvu, na zisikufanye ujione umedhulumiwa, maana ili koni ishuke kutoka Hz 80 hadi 40 kwa sauti ileile lazima isogee mbele na nyuma mara 4 zaidi. Wufa ya sentimita 13 haina safari ndefu hivo.

Wati zilizoandikwa nyuma ya spika mimi siziangalii sana. Watu wanaogopa amplifaya kubwa itaunguza spika wakati nyingi ninazozijua zimekufa kwa amplifaya ndogo iliyokabwa hadi mwisho, ikaanza kukata mawimbi vichwa, sauti ikawa na mikwaruzo, na ile mikwaruzo inakwenda kwenye twita ambayo ndani yake kuna waya mwembamba kama unywele. Ukisikia sauti imeanza kuchanika, punguza saa hiyohiyo.

Kuhusu tundu. Boksi lililofungwa besi yake inapungua polepole, desibeli 12 kila ukishuka oktava, yani kila Hz zikipungua nusu, na lenye tundu linashikilia chini zaidi halafu linaanguka kwa kasi, desibeli 24. Kama unajua spika zitakaa karibu na ukuta hutaki kubishana na mtu, tafuta zilizofungwa au zenye tundu mbele. Zangu tundu lake liko nyuma, na kabla sijazivuta mbele ilikuwa kama kumziba mtu pua. Kuna zinazokuja na vipande vya sponji vya kuziba tundu, hiyo ni njia halali kabisa ya kupunguza uvumi, na kama hukupewa soksi safi iliyokunjwa inafanya kazi hiyohiyo.

Ukinunua iliyotumika, bonyeza taratibu kwa vidole vyote sawasawa ule mviringo unaoshika koni pembeni. Za mpira zinakaa miaka mingi, za sponji zinaoza hata kama spika ilikuwa inapumzika tu kabatini, unagusa inabaki unga kwenye kidole. Zinabadilishwa na fundi, sio mwisho wa dunia, ila ujue kabla hujalipa. Sukuma koni kidogo usikie kama inakwaruza ndani. Halafu sikiliza kwa sauti za watu unaowajua wanavyoongea, sio milio ya filamu, kwa sababu ubongo wako unajua sauti ya mwanadamu kuliko unavyojua kitu kingine chochote. Na ukilinganisha mbili hakikisha zinalia sawa, maana inayolia juu zaidi hata kwa desibeli 1 itakudanganya kuwa ndio nzuri. Nimeona mtu anachagua spika mbaya kwa sababu hii moja tu.

Wanaouliza wachukue zenye amplifaya ndani au zile za kuunganisha, kama ni meza ya kazi na nafasi ni ndogo chukua zenye amplifaya ndani, aliyezitengeneza ameshalinganisha vyote. Mimi nilitaka niweze kubadilisha kipande kimoja kimoja kwa miaka, kwa hiyo nilichukua za kuunganisha.

Sasa kuzipanga, na hapa ndipo ningependa uchukue muda wako wote. Twita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, kwa viti vingi ni kama sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, mimi ni mita 2 kila upande, chukua futi ya kupimia kabisa usikadirie kwa macho kwa sababu tofauti ya sentimita 5 kati ya kushoto na kulia inatosha kumvuta muimbaji upande mmoja. Anza umezielekeza mbele moja kwa moja, halafu zigeuze ndani kidogo kidogo kuelekea ulipokaa huku wimbo uleule unarudia. Kuna mahali utafika yule mtu wa katikati anakaza, anakuwa mdogo na wa kweli kama unaweza kumwonyesha kwa kidole. Ukipita hapo jukwaa lote linabanana katikati. Rudi nyuma kidogo, weka alama ya tepu sakafuni. Usifanye vyote siku moja, masikio yanachoka na yakichoka yanakubali chochote.

Zisiwe umbali sawa na kuta zote. Kama ni sentimita 60 kutoka nyuma basi pembeni iwe 90 au 100, ili yale matatizo ya ukuta wa nyuma na wa pembeni yasiangukie noti moja yakajumlishana. Stendi iwe nzito isiyotikisika, chini ya spika weka vipande vidogo vya mpira laini isiteleze. Waya wa kawaida wa shaba wa milimita za mraba 1.5 au 2.5 unatosha kwa chumba cha nyumbani, pesa inayobaki nunulia kapeti.

Nimesema kapeti kwa maana kabisa. Simama katikati ya chumba piga kofi moja kali. Ukisikia mlio kama wa bati unaokimbia kati ya kuta, hicho ndicho kinachopakwa juu ya kila wimbo unaoweka. Kapeti nene kati yako na spika, pazia zito kwenye dirisha, kochi la kitambaa, rafu iliyojaa vitabu visivyolingana ukubwa, hivi vinafanya kazi kubwa. Rafiki yangu alinifundisha njia ya kioo: wewe kaa kwenye kiti, mwenzako apitishe kioo kidogo kwenye ukuta wa pembeni, pale unapoiona twita kwenye kioo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia, ndipo pa kuweka kitu kinene. Vile vibao vyembamba vya sponji havifanyi kitu kwenye besi, vinakula sauti za juu tu na chumba kinabaki kimefifia.

Kwa wenye nyumba ambazo rafu ndio sehemu pekee, na ni wengi, msikate tamaa. Vuta spika hadi uso wake ulingane na ukingo wa rafu au utokeze kidogo, jaza vitabu pembeni yake nafasi isibaki tupu kama pango, ziwe ubao mmoja kimo kimoja, mbali na kona, ziba tundu. Nimempangia dada yangu hivyo na sauti imetulia vizuri sana.

Kitu cha mwisho kilichonisumbua ni usiku. Nikipunguza sauti watu walale, besi inaondoka, nikadhani spika zina tatizo. Ni sikio. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hili mwaka 1933, sauti ikiwa ndogo sikio letu linazisikia noti za chini kwa uzito mdogo kuliko za kati. Kitufe cha loudness kwenye amplifaya za zamani kiliwekwa kwa ajili hiyo, kitumie usiku bila aibu, mchana kizime. Sabwufa, ile spika ya besi peke yake, nimeshaifikiria, ikija itaanzia Hz 80 kushuka chini na hizi ndogo zitapumzika na kazi isiyo yao, lakini kwanza nataka nimalizane na chumba.

Maana chumba bado kina neno. Urefu wake ni mita 4, kwa hiyo wimbi la Hz 43 linajipata linatosha humo ndani na kurudi, linasimama, na kochi langu lilikuwa limegusa ukuta wa nyuma ambapo ndipo linapojaa zaidi. Jumamosi nimelivuta kochi mbele sentimita 40. Uvumi umepungua kuliko kitu chochote nilichowahi kununua, sasa pembetatu imeharibika na inabidi nizipime spika upya, tepu za zamani nimeshazibandua.